Jogoo wa Pipeline

Mtoto wa Nairobi ukimpa karatasi umwambie aandike kisa, jogoo atawika. Hata kama mtoto mwenyewe anaishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya saba, mahali ambapo jogoo wa mwisho alionekana akiwa ndani ya sufuria, kwenye insha lazima awike. Kisha jua lichomoze kutoka mashariki (lingechomokea wapi, Rongai?), mwandishi ajinyooshe, ashike njia, ajali itokee, na umati ufurike kama siafu. Wahenga nao hawakosi kupitia hapo kusalimia.

Siwalaumu. Mimi mwenyewe ni zao la KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi: insha ya dakika 40, alama 40, na mwalimu aliyetukaririsha methali kana kwamba tunaenda vitani. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023, mwaka uleule JSS, yaani sekondari ya chini, ilipoanza na gredi ya saba. KCPE ikazikwa. Jogoo akahamia JSS bila hata barua ya uhamisho.

Kwa hiyo shule moja ya huku Embakasi iliponiomba niwe mlezi wa waandishi wake chipukizi, niwe nakuja Jumamosi kuendesha warsha ya uandishi wa kubuni, niliingia darasani na sheria moja. Jogoo, siafu na moyo kudundadunda ni marufuku. Kila mtoto nilimpa daftari dogo, la kutosha mfukoni, tukaliita daftari la masikio. Kazi yake ni kunasa maneno. Umesikia mtu akisema jambo kwenye stage, kioskini, kwenye ngazi za ploti? Andika vile vile alivyosema, usimsahihishe sarufi. Usiniambie mtu ni mchoyo. Nionyeshe alichofanya, mimi nitajua.

Na walinionyesha. Kijana mmoja mkimya alileta aya hii: "Konda aliita, 'Taj Mall! Taj Mall!' Hakuna Taj Mall. Ilibomolewa. Lakini watu walishuka." Nilisoma nikakaa chini. Kweli jengo lilibomolewa 2018, mtoto huyu alikuwa mdogo sana wakati huo, lakini kila siku anashushwa kwenye kitu ambacho hakipo na hakuna anayelalamika. Kuna watu wazima wanaoandika miaka na miaka wakitafuta sentensi kama hizo. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama mwenye nyumba.

Mwisho wa muhula mwalimu mkuu akaamua wazazi waalikwe, watoto wasome kazi zao. Viti vya plastiki vikapangwa, soda zikaja, mandazi yakaja. Nilikuwa nimezipitia kazi zote wiki iliyotangulia, zikiwa safi kabisa. Ila pia nilikuwa nimewafundisha kwamba mwandishi wa kweli hurekebisha mpaka dakika ya mwisho. Watoto wa siku hizi hawasikii chochote, lakini hilo walilisikia.

Msichana wa kwanza alisimama akasoma kuhusu maji na keateka, yaani mwangalizi wa ploti yao. "Keateka wetu hufungua mfereji saa kumi usiku. Ukimuuliza kwa nini, husema ni kanjo, watu wa kaunti. Ukimpa shilingi hamsini, kanjo hufungua maji mchana." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mzee mmoja wa safu ya tatu, mwenye funguo nyingi kiunoni, hakupiga. Majirani zake wawili wakageuza viti taratibu wakamtazama.

Mwalimu mkuu aliniinamia. "Hiyo ni ya kubuni, sivyo?"

"Ya kubuni kabisa," nikasema.

Akaja yule kijana wa Taj Mall. Nilijinyoosha kwenye kiti, huyu ndiye fahari yangu. Akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza taarifa ya habari:

"Ijumaa mama alinituma unga. Nikapita karibu na ile bucha yenye choma. Baba alikuwa ndani, anaongea na simu. Alisema, 'Niko jam hapa Bellevue, magari hayasongi.' Mhudumu akamuuliza, 'Mzee, nikukatie robo ama nusu?' Baba akafunika simu kwa mkono akasema, 'Nusu.' Nilinunua unga nikarudi. Mama akasema tumngoje baba ndio tule, jam ya leo ni mbaya."

Alifunga daftari, akainama kidogo kama nilivyowafundisha.

Hakuna aliyecheka. Yaani watu walitaka, niliona mabega yakitikisika, lakini hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza. Baba mmoja aliyevaa shati jeupe alikuwa ameanza kukagua mabati ya paa, moja baada ya jingine. Mama aliyeketi kando yake aliweka soda chini.

"Nusu," akasema.

Baba akaendelea na mabati.

"Sisi tulikula sukuma."

Hapo ukumbi ukapasuka. Hata keateka alicheka, akiwa amefurahi kupita wote kwamba zamu yake imepita. Mwalimu mkuu alipiga kengele ya mkono ambayo hakuna aliyeisikia, kisha akaomba mtoto wa mwisho asome kitu kifupi, chenye adabu, kisichomhusu mzazi yeyote.

"Changu hakimhusu mzazi," akasema msichana wa miwani, na moyo wangu ukatulia. "Kinaitwa Mlezi. Mlezi wetu anatuambia mwandishi lazima asome kila siku. Kwenye begi lake kuna kitabu kimoja kinene. Muhula ulipoanza, alamisho ilikuwa ukurasa wa 12. Jana nilichungulia. Bado iko ukurasa wa 12."

Nilipigiwa makofi marefu kuliko yote. Keateka alisimama.

Baadaye, wakati wa kukusanya viti, shati jeupe lilinivuta pembeni. "Mwalimu," akaninong'oneza, "ile insha ya zamani ya jogoo ilikuwa na shida gani hasa?" Kabla sijajibu, alimwona mkewe akija, akakumbuka kuna kiti cha kubeba upande ule mwingine wa uwanja.

Mama alinisalimia kwa mikono miwili.

"Mwalimu, haya masomo ni pesa ngapi?"

"Ni ya bure, Mama."

"La, mimi nitalipa." Alishafungua mkoba. "Lakini Jumamosi peke yake haitoshi. Mpe kazi ya kuandika katikati ya wiki pia. Ijumaa jioni, hasa."