Kamera ya kuzamia au ya kubadilisha lenzi: dola 600 ziende wapi?

Mpwa wangu anapeleka wageni kutazama pomboo Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Juzi alinitumia ujumbe wa sauti kutoka kwenye boti, upepo unavuma hata nusu ya maneno nikayakisia: "Mjomba, nimeshaweka dola 600. Ninunue ile ndogo inayoingia majini, au ile ya kubadilisha lenzi kama ya watu wa harusi?" Nikamjibu kwa neno moja, "inategemea", akanuna siku mbili. Jibu nililopaswa kumpa ni hili, na naliandika kwa sababu si yeye peke yake anayeliuliza.

Tuzitaje kamera zenyewe, maana kulinganisha aina na aina bila majina ni kupiga soga. Ya majini ni OM System Tough TG-7, iliyotoka Septemba 2023 kwa takriban dola 550. Ni mtoto wa Olympus TG-6 ya 2019, na amefanana mno na mzazi: kihisi kilekile (kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga) cha megapikseli 12, lenzi ileile, na tofauti unayoiona haraka ni tundu la chaja la USB-C. Ukiipata TG-6 iliyotunzwa vizuri, hujapoteza kitu. Ya pili ni Canon EOS R50 ya Februari 2023, iliyoanza kuuzwa dola 800 pamoja na lenzi yake ndogo ya milimita 18-45 (milimita chache huona kwa upana, nyingi huvuta karibu). Kwa mfuko wa mpwa wangu, mshindani wa haki ni nduguye mdogo, R100, aliyetoka Mei mwaka huohuo kwa dola 600 na lenzi hiyohiyo. Hizo ni bei za ughaibuni siku ya kuzinduliwa; dukani kwetu kila mtu anajua kinachoongezeka njiani.

Kamera za kundi hili la pili huitwa zisizo na kioo kwa sababu kile kioo cha ndani, kilichokuwa kikirusha picha kwenye kitundu cha kuchungulia katika kamera za zamani, kimeondolewa. Mwili umepungua, lenzi bado zinabadilishwa. Hilo la kubadilisha lenzi ndilo linalowavuta watu, na ndilo linalowafilisi.

Muuza duka atakuanzia na kihisi, na kwa kiasi ana haki. Kihisi cha Canon hizi kina eneo la takriban milimita za mraba 332. Cha TG-7 ni kama 28. Ni mara 12 hivi, pengo la stempu ya barua na ukucha wa kidole cha mwisho. Kihisi kikubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi, hutoa chembechembe chache gizani, na huifanya nyuma ya mtu ififie ukipenda ififie.

Ila muuza duka hakuambii habari ya lenzi iliyomo ndani ya boksi. Lenzi ya TG-7, ikiwa pana kabisa, hufunguka hadi f/2.0 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Ile ya 18-45 huishia f/4.5. Kwa kila milimita ya mraba, f/2.0 huingiza mwanga mara 5 zaidi. Sasa gawanya: mara 12 za ukubwa wa kihisi, kwa mara 5 za lenzi. Ile faida kubwa uliyolipia imebaki mara 2 na ushei. Ukivuta picha karibu pengo hupanuka tena, kwa kuwa TG-7 nayo hujikunja hadi f/4.9, lakini hoja inabaki: anayenunua kamera ya kubadilisha lenzi na asinunue lenzi ya pili amenunua nyumba akalala barazani.

Lenzi hiyo ya pili si lazima iwe ya kitajiri. Canon ina RF 50mm f/1.8, iliyotoka mwishoni mwa 2020 kwa dola 200. Ukiilinganisha na 18-45 iliyovutwa hadi mwisho, ambako tundu lake ni f/6.3 tu, hii huingiza mwanga mara 12. Bibi harusi chini ya taa za ukumbi, mshumaa mezani, uso wa mzee kibarazani baada ya magharibi: hapo ndipo kamera isiyo na kioo inapojilipa, na hapo TG-7 itakuletea picha iliyojaa changarawe. Sitaki kumdanganya mtu. Usiku, kamera ya majini ni kipofu anayepapasa.

Na kuna adui wa tatu ambaye wote wawili wanamwogopa: simu. Simu nyingi za bei ya kati na ya juu leo zina kihisi kikubwa kuliko cha TG-7, na programu zake za kuchanganya picha kadhaa kuwa moja zinafanya kazi ambayo kamera ndogo haiwezi. Mchana kweupe, ufukweni, mtu amesimama anatabasamu, simu yako itaishinda TG-7 au watatoka sare. Kwa hiyo mtu ambaye haingii majini na ananunua kamera ya majini "kwa sababu ni ngumu" anapoteza fedha. Anunue kava la simu.

Lakini simu baharini ni mgeni. Kipimo cha IP68, kile cha simu kustahimili maji, hufanyiwa kwenye maji baridi yaliyotulia, si kwenye chumvi na mawimbi, na kioo cha kugusa huwa kiziwi pindi kinapozama. Nimewaona wageni wakiingia na simu ndani ya vile vifuko vya plastiki vya shingoni, wakatoka na video ya dakika 10 ya mguu wao wenyewe.

Kazi yenyewe ya mpwa wangu iko baharini, na bahari ina tabia ambazo karatasi ya sifa za kamera haizisemi. Kwanza, maji hula rangi, na huanza na nyekundu. Mita 5 tu chini, shati jekundu limeshakuwa kahawia iliyochoka. Kamera ya majini ina mipangilio ya kurudisha rangi hiyo kwa kiasi, na huhifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi, unazoweza kuzirekebisha nyumbani. Pili, maji hupinda mwanga kiasi kwamba kila kitu huonekana karibu kwa robo, na lenzi pana ya milimita 25 hufanya kazi kama ya 33. Tatu, adui mkubwa ni maji yaliyo kati yako na mnyama. Hata maji yanayoonekana safi yamejaa vumbi, na flashi iliyo ubavuni mwa lenzi hulimulika lote: picha hutoka kama mtu kamwaga unga wa sembe. Izime flashi, sogea karibu, subiri jua liwe juu. (Na mpwa wangu apunguze kuwatupia wageni juu ya pomboo wakati boti sita zimeshawazingira, lakini hayo tutayazungumza uso kwa uso.)

Halafu kuna uzito wa maji. Kila mita 10 huongeza karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. TG-7 imeidhinishwa kwenda mita 15. Kwa kina hicho, kioo chake cha nyuma cha inchi 3 kinabebeshwa zaidi ya kilo 40, uzito usioachwa mbali na mfuko wa saruji. Kinachozuia maji yasiingie ni milango miwili midogo yenye mipira ya kuziba, oringi kama mafundi wanavyoziita. Unywele mmoja ukilala juu ya oringi, mlango haukufungwa, hata kama umelia "tak". Kamera yangu ya kwanza ya majini ilikufa hivyo. Kosa lilikuwa langu, nilibadilisha betri juu ya ngalawa kwa vidole vyenye mchanga. Nilijua imekufa nilipoona ukungu ndani ya lenzi, na kabla hatujafika pwani ilikuwa inajiwasha na kujizima yenyewe kama ina pepo.

Kwa hiyo neno "haipitishi maji" lisikiwe kwa sikio la tahadhari. Ni hali inayotunzwa, kama makalafati ya chombo. Kamera ioshwe kwa maji baridi kila jioni kabla chumvi haijakauka, oringi zikaguliwe, na kila mwaka mmoja zibadilishwe. Haielei pia, kwa hiyo inataka mkanda wenye boya. Na kwa mzamiaji wa mitungi, mita 15 hazitoshi: cheti cha mwanzo cha PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, kinamruhusu kufika 18. Litengenezwalo kwa ajili hiyo ni kasha la nje linaloishusha hadi mita 45, na hilo ni gharama nyingine.

"Basi si niiweke ile ya Canon ndani ya kasha?" Ndivyo alivyoniuliza baadaye. Inawezekana. Makasha ya plastiki ngumu yapo, na ya alumini, yale ya wapiga picha wa kazi, mara nyingi huipita kamera yenyewe kwa bei. Picha zitakuwa bora, sibishi. Lakini lina ukubwa wa sufuria, linahitaji mikono miwili, na mtu anayewachunga wageni wanane majini, wawili kati yao hawajui kuogelea vizuri, hana mikono miwili ya kuazima.

Juu ya boti hesabu hubadilika kidogo. Pomboo akiruka, kamera isiyo na kioo hukamata fokasi upesi zaidi. R50 hata hutambua baadhi ya wanyama na kuwafuata, wakati TG-7 inapapatika. Ajabu ni kwamba kwa kufika mbali, lenzi ya 18-45 ni fupi kuliko ya TG-7: ukisawazisha tofauti ya vihisi, inaishia sawa na milimita 72, mwenzake anafika 100. Zote mbili hazitoshi kwa pezi lililo mita 40 mbele. Utahitaji lenzi ndefu, na tumerudi kwenye nyumba na baraza. Isitoshe, R50 na R100 hazina kinga ya unyevu. Msimu wa kusi, boti ndogo inapokata mawimbi, rasharasha ya chumvi haimbakizi mtu. Kubadilisha lenzi hapo ni kukaribisha mchanga na chumvi juu ya kihisi.

Sikutegemea kwamba kitu ambacho kingenivutia zaidi kwenye TG-7 kingekuwa nje ya maji. Inaona kwa umbali wa sentimita moja kutoka kwenye lenzi. Fundi wa dhahabu anayetaka kuonyesha nakshi ya pete, mama wa mwani Paje anayetaka kumwonyesha mtaalamu jinsi matawi yalivyoanza kupauka, mtu wa kukusanya sarafu za kale: kazi hiyo kwa kamera isiyo na kioo hudai lenzi maalumu ya vitu vidogo. Hapa inakuja ndani ya mwili wa gramu 249, na ikianguka kutoka kifuani haivunjiki.

Upande wa pili una silaha moja ambayo watu huisahau: sauti. R50 na R100 zina tundu la kuchomeka maikrofoni. TG-7 haina. Anayetaka kurekodi mahojiano, mawaidha, mapishi au harusi, mjadala unaishia hapo. Picha mbaya kidogo watu huivumilia, sauti yenye upepo hawaivumilii. Nilipousikiliza tena ule ujumbe wa mpwa wangu nilikata baada ya sekunde tano nikampigia. Pia lenzi za Canon za zamani, zile za EF zilizojaa mikononi mwa wapiga picha wa Dar es Salaam na Mombasa, huingia kwenye kamera hizi kwa kiunganishi. Mwenye kaka au rafiki wa kazi hiyo hanunui kamera tu, anaingia kwenye kabati la watu.

Kwa hiyo kama angekuwa kijana wa Magomeni anayetaka kuanza kupiga picha za sherehe, ningemwambia R100 na 50mm, hata kama ni kwa kungoja miezi mitatu zaidi, na kamera ya majini asiitazame. Kwa mtu wa Kizimkazi nasema kinyume, na sababu inayonikata shauri si kihisi wala oringi. Mjini, kamera ya harusi inakodishwa. Akipata kazi ya nchi kavu, ataazima mwili na lenzi kwa siku moja, atarudisha, atalipa. Lakini hakuna mtu, hata ndugu wa tumbo moja, atakayekukodisha kamera yake uizamishe kwenye maji ya chumvi.

Nimempigia tena jana. Ameshachukua TG-6 ya mkono wa pili kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na chenji imebaki. Nikamwuliza kama ameziangalia oringi. Akaniuliza oringi ni nini.