Kamera Ikinidai Inaona Vizuri

Jamani, mimi na hizi kamera tuna ugomvi. Siku hizi hapa Dar huwezi kununua hata mkate wa mchana bila kurekodiwa. Sheli kamera. Kwa wakala wa kutuma pesa kamera. Msikitini, pale tunapovulia viatu, kamera, na hiyo ninaiunga mkono kwa sababu kubadhi zangu zinajua zilikopotelea. Kuna mganga njia ya Bagamoyo, bango lake linasema anaona hata yasiyoonekana, naye kafunga kamera nne.

Sina neno na kamera zenyewe. Neno langu ni hili: mbona ile inayonitafuta mimi inaona vizuri, na ile ninayoitegemea mimi ina mtoto wa jicho?

Nianze na baba mwenye nyumba. Mimi ni dereva wa kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, napanga Kimara kwa mzee mmoja mstaafu ambaye mwenyewe anaishi Kibaha. Alipoleta fundi wa kamera alituambia ni kwa usalama wetu, tukashangilia. Zikafungwa mbili. Moja inatazama geti. Nyingine inatazama uwani: kamba ya nguo, bomba na mlango wa choo. Zote zimeunganishwa na simu yake, na mzee hana kazi. Alistaafu kila kitu akabaki na sisi.

Kesho yake simu inaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Baba Zuwena. Hongera, naona umeingiza mtungi wa gesi. Ule mkubwa."

"Ndiyo mzee, tunashukuru Mungu."

"Vizuri sana. Sasa ile kodi vipi?"

Tangu hapo nimekuwa mtu wa magendo nyumbani kwangu. Kuku namwingiza usiku, ndani ya begi la shule la Zuwena, nikimwomba asipige kelele mpaka tuvuke geti. Samaki nguru ndiyo kabisa, maana mkia wake haufichiki. Mama wa chumba cha tatu aliacha kuanika kitenge kipya baada ya mzee kumpigia simu na kumsifia maua yake. Na mimi nikienda chooni zaidi ya kawaida napigiwa simu ya pole. "Naona leo hali si nzuri, kunywa maji ya chumvi na sukari." Ni utu, sikatai. Lakini mwishoni anaulizia kodi.

Halafu siku moja ikang'olewa betri ya kirikuu. Hapo hapo getini, chini ya kamera. Nikasema afadhali, leo kitaeleweka. Mzee akaja mwenyewe na fundi wake, wapangaji wote tukajazana kwenye stoo mbele ya kioo.

Kwanza tarehe. Kile kidude cha kurekodia kina betri ndogo ya kutunza saa. Ikifa, umeme ukikatika na kurudi, kinasahau tuko mwaka gani. Chetu kilikuwa kinasema tarehe 1 Januari 2000. Yaani kwa ushahidi wa mzee, betri yangu iliibwa kabla kirikuu yenyewe haijatoka kiwandani.

Tukavumilia, tukatafuta usiku wenyewe. Picha ikaja nyeupe tupu. Fundi akaeleza kwa kiburi kile cha mafundi. Usiku kamera inawasha vitaa vyake vyenye mwanga ambao jicho letu halikamati, infraredi, ndiyo maana picha inakuwa haina rangi. (Huo mwanga unaweza kuuona nyumbani. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya simu, ile ya mbele, ubonyeze. Kwenye simu utaona kitaa kinamulika, kwa macho yako huoni kitu. Wanangu wamemaliza betri za rimoti kwa mchezo huu.) Sasa buibui alikuwa ametandaza utando wake mbele ya lenzi. Vitaa vinamulika utando ulio karibu, unang'aa, kamera inadhani dunia nzima ina mwanga wa kutosha, inapunguza. Mwizi kule nyuma anabaki giza.

Fundi akasogeza mbele mpaka upepo ulipousukuma utando pembeni. Tukamwona! Mtu, kofia, mgongo. Basi. Nikamwambia, fundi, vuta karibu uso. Akavuta. Vikaja viraka vya rangi ya kijivu. Akasema lenzi hii ni ya milimita 2.8, inaona eneo pana, ukuta mpaka ukuta, ila aliye mbali anakuwa mdogo. Na ukiivuta picha iliyokwisha rekodiwa hupati kipya, unapanua vidoti vilevile. Kumbe kwenye sinema wanapomwambia kijana wa kompyuta "kuza hapo" na namba ya gari inatokea, ni uongo wa kulipiwa tiketi.

Mama wa chumba cha tatu akasema yule mgongo ni wa mume wake wa zamani. Kesi ikahamia huko, betri yangu ikasahaulika.

Na diski ikijaa inaanza kufuta za zamani yenyewe, kwa hiyo mwizi wangu alishafutwa. Picha yangu na mtungi wa gesi mzee anayo mpaka leo. Aliihifadhi pembeni.

Sasa linganisha na tochi, kile kidude cha trafiki cha kupimia mwendo. Nimenunua betri mpya kwa deni, naendesha kirikuu, nyuma nimebeba sofa ya mteja, naimba zangu. Mbele ananyoosha mkono afande, mtaratibu, ana heshima zake.

"Habari za kazi, dereva. Nyuma huko umepita na 63, na pale ni 50."

Nikamwambia afande, hii kirikuu ikifika 63 mimi mwenyewe nitafanya sherehe. Hakubishana. Akatoa simu, picha ilikuwa imeshafika kutoka kwa mwenzake aliyekaa huko nyuma sana, sijui chini ya mwembe gani. Ndugu zangu, ile picha! Namba ya gari inasomeka. Sofa inaonekana na mshono wake. Mimi ninaonekana mdomo wazi, na ukitazama vizuri unajua nilikuwa kwenye kiitikio.

Nikamuuliza inakuwaje kidude kile kinajua mwendo wangu kutoka mita mia kadhaa. Akanijibu kwa upole, maana alishajua nitalipa. Kinarusha miale ya leza, nayo ni infraredi vilevile, inagonga gari inarudi. Mwanga unakwenda kilomita laki tatu kwa sekunde, na kile kidude kinapima muda wa kwenda na kurudi, kinarudia mara nyingi sana ndani ya kufumba na kufumbua, kinaona umbali unavyopungua, kinapiga hesabu. Kwa hiyo mwanga uleule! Ukimulika kwangu getini unashindwa na buibui. Ukimulikwa na serikali unasoma mpaka mdomo.

Faini elfu thelathini. Nikatumiwa namba ya malipo, tarakimu kumi na mbili, inaanza na 99, na hapo ndipo macho yangu yalipogoma. Nimevuka arobaini. Lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa na umri, haibadiliki tena umbo kusoma cha karibu, kwa hiyo siku hizi nanyoosha mkono na simu mpaka mkono unaisha. Mwenzangu kaniona nje ya upeo wa macho yangu, mimi namba yake sioni ikiwa kiganjani. Mke wangu akaninunulia miwani ya kusomea kwa machinga, +2.00, ina fremu ya dhahabu. Nikalipa. Na kitu cha kwanza nilichosoma vizuri baada ya hapo kilikuwa ujumbe wa mzee: "Miwani imekupendeza."

Wa haki ni mmoja tu, mlinzi wa hoteli. Nilipeleka soda hoteli fulani kubwa, getini akaja kijana na kile kioo chenye fimbo na magurudumu, akakipitisha chini ya kirikuu. Nikajisemea haya, leo nimekuwa gaidi. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikaanza kujitilia shaka mwenyewe. Kisha akainuka akasema, "Mzee, sampo ya oili inavuja, na ule mpira wa ekseli ya mbele kushoto umepasuka." Bure! Fundi wangu wa gereji huwa analala chini ya gari nusu siku ndipo aseme neno, tena la kuomba hela ya chakula. Sasa nikisikia mlio nisiouelewa nakwenda kupeleka soda.

Turudi nyumbani. Chumba cha nyuma anakaa kijana anasoma sheria, hajapata kesi hata moja kwa hiyo ana hasira. Akamwambia mzee uso kwa uso kwamba ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili, na wahusika waambiwe zinakusanywa kwa ajili gani. Akauliza, mzee, mlango wa choo unaukusanya kwa ajili gani?

Mzee akafikiri. Akasema, "Taarifa binafsi ni zenu. Ukuta ni wangu."

Kijana hakukata tamaa, akaleta na historia. Marekani, jiji la New York, eneo la Queens, alikuwepo nesi mmoja, Marie Van Brittan Brown. Yeye na mumewe kazi zao zilikuwa za saa zisizoeleweka, mara nyingi yuko nyumbani peke yake usiku, mtaani uhalifu umezidi, na polisi ukiwaita wanachelewa. Wakabuni mtambo wao: matundu mlangoni, kamera inayopanda na kushuka kuchungulia, televisheni chumbani, kipaza sauti cha kuongea na aliye nje, na kitufe cha kufungulia mlango kutoka mbali. Hataza yao, yaani hati ya kumiliki ubunifu, ilitoka tarehe 2 Desemba 1969. Kijana akahitimisha: yule mama alitaka kumwona mgeni asiyemjua, wewe unamtazama mpangaji ambaye unajua hata anakula nini.

Mzee katika maelezo yote yale aliokota kitu kimoja. Akauliza, "Umesema ilikuwa na kipaza sauti?"

Wiki haikuisha. Fundi akarudi, akaning'iniza kamera mpya getini, inageuka huku na huku, ina maikrofoni na spika. Sasa ukuta unaongea. Ukipita na ndoo unasikia, "Maji hayo ni ya leo au ya jana?" Muuza vitumbua alikimbia akaacha beseni. Watoto wameuzoea, wanauamkia ukuta asubuhi wakienda shule, nao unaitikia marahaba na kuwauliza kama wamefanya homuweki.

Halafu akaja baba mkwe kutoka Singida, bila taarifa, kama wanavyokuja. Kabla sijafika getini kumpokea mzigo, ukuta ukamtangulia.

"Karibu sana, mzee mwenzangu."

Baba mkwe akavua kofia. Mtu wa heshima, hakuuliza anaongea na nani. Wakaulizana hali za huko, mvua, alizeti, kiinua mgongo, magoti. Nimesimama pembeni na begi lake, mkono umekufa ganzi. Wakafika kwenye watoto wa siku hizi. Nikajua hapo panapokwenda sipo pazuri.

"Mkweo ni kijana mzuri," ukuta ukasema. "Ila tangu Februari hajanipa kitu. Na kuku anakula."

Baba mkwe akanigeukia taratibu, akanitazama, akatazama na begi la shule la Zuwena lililokuwa begani kwangu, ambalo kwa bahati mbaya lilikuwa linatikisika. Hakunigombeza. Aliuliza bei ya ile kamera. Anataka moja, nzuri, ya kuongea, akaniambia nimtafutie yule fundi aje kesho. Nikafurahi, nikasema ni wazo zuri baba, Singida wezi wa mifugo wapo. Akasema hapana, anaifunga sebuleni kwangu, awe anawaona wajukuu na kuona binti yake anatunzwaje.

Nikamwambia baba, ningependa sana, tatizo intaneti ya huku Kimara haishiki kabisa.

"Inashika vizuri tu!" ukuta ukajibu.