Usiutambue mti-nyasi kwa shina

Wengi wanaoiona Xanthorrhoea, ule mti-nyasi wa Australia, hupiga picha shina jeusi lililoungua na kichwa cha majani juu yake, kisha huuliza ni aina gani. Picha hupendeza, lakini kwa swali hilo haifai. Aina zake ni karibu 30, zote za Australia tu, na shina hukueleza zaidi umri na mioto iliyopita. Hukua taratibu mno, kama sentimita moja au mbili kwa mwaka. Kwa hiyo mti mchanga wa aina ndefu hukaa miaka mingi ukiwa mfupi, majani yakigusa ardhi, kama zile aina zisizotoa shina kabisa.

Mimi ningeanza na ua. Kusini-magharibi mwa Australia, balga (X. preissii; X. ni kifupi cha Xanthorrhoea) ikiwa changa hufanana sana na X. gracilis. Subiri zichanue, jambo ambalo moto huliharakisha, halafu linganisha bua tupu na suke, yaani sehemu ya juu iliyojaa maua. X. gracilis ina bua refu, jembamba, na suke fupi kileleni; kwenye balga suke ndilo linalochukua sehemu kubwa ya urefu. Ukikuta vichwa vingi vya mviringo vimezunguka kilele, hapo umeondoka kwenye jenasi nzima, yaani kundi lote la Xanthorrhoea: hiyo ni Kingia australis, ya ukoo mwingine kabisa, ilhali Xanthorrhoea ni jamaa ya mshubiri wetu. Ajabu, ukiziona kwa mbali ungeapa ni ndugu.

Pasipo maua, shika jani. Kwenye vilima vya karibu na Adelaide, mji wa kusini mwa Australia, jani la X. quadrangulata lina pembe nne ambazo vidole huzihisi ukilizungusha, la X. semiplana ni bapa zaidi. Rangi naiamini kidogo tu. X. glauca inajulikana kwa ubuluu-kijivu wake, sawa, lakini jani changa na jani kuukuu hazilingani, na aina nyingine nazo huwa na rangi hiyo. Tena kuna machotara. Hapo naona heri kuandika “Xanthorrhoea” pekee, na vipimo vya bua, suke na jani, kuliko kubahatisha jina kamili.

Kabla ya kusogea kupapasa majani, sugua viatu. Phytophthora cinnamomi, kimelea kinachoozesha mizizi ya miti hii, husafiri kwenye tope la soli, na kikishaenea ardhini hakiondoleki.