Nilimtukana ukutani, si usoni

Kwanza nimsahihishe karani wetu, aliyeniwahi kwenye grupu la WhatsApp la vijana wa Malaba upande wa Uganda. Eti nilimtukana bosi wetu Hajji usoni. Uongo mtupu. Nilimtukana ukutani.

Ofisi yetu ya kutoa mizigo forodhani mnaijua. Jamaa wa kompyuta aliyekuwepo kabla yangu kaondoka na paswadi ya root (msimamizi mkuu) ya MySQL, programu inayotunza data zetu, kichwani, Hajji akataka ibadilishwe siku ileile. Ndiyo siku aliyoninyima elfu tano ya chakula cha mchana. Niko mkutanoni, njaa inauma, wenzangu wanabishana kuhusu kontena, nikaona nimalize kazi kimyakimya.

Nikaandika ALTER USER, amri ya kubadilisha paswadi, na paswadi yenyewe: hajjibahili.

ERROR 1819. Yaani MySQL imeikataa, dhaifu. (Kwa wasiojua: sera yake ya paswadi hutaka herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama, jumla zisipungue nane.) Nikajaribu HajjiBahili. 1819 tena! Yaani tusi langu halijakolea. Hasira zikanipanda: HajjiBahiliSana@5000. Query OK. Imekubali.

Nikatabasamu. Hapo ndipo nikasikia kimya.

Nikainua macho. Mhasibu kaziba mdomo kwa leso. Karani mabega yanamtetemeka. Wote wanatazama nyuma yangu. Nikageuka polepole, shingo nzito kama gunia la saruji. Waya wa projekta ulikuwa bado umechomekwa kwenye laptopu yangu tangu nilipoonyesha ripoti! Ukiingia MySQL kwa -p, ikikuuliza paswadi, unachoandika hufichwa, lakini ndani ya ALTER USER hukaa uchi. Ukutani, kila herufi urefu wa kiganja, matusi matatu yamepangana, la chini kali kuliko la juu. Hajji akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti: "Ha-jji-ba-hi-li-sa-na..." Akakwama kwenye @.

"Mwanangu, hii nayo inasomwaje?"

"Inasomwa 'et', Hajji."

Jamani, msicheke. MySQL yenyewe ina adabu, mstari wenye IDENTIFIED (neno linalotangulia paswadi kwenye amri ile) haiuweki kwenye historia yake. Karani je?

Mengine mafupi: niliomba radhi, elfu tano ikatoka (nikaipokea, aibu haishibishi), paswadi ikabadilishwa upya Hajji akiwa amesimama begani kwangu. Aliichagua mwenyewe. Siwezi kuiandika hapa, ila inaanza na jina langu, na MySQL iliikubali mara ya kwanza.