Baga au sandwichi mnadani: nyama ya kusaga kwenye jua la Dodoma

Kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, yenye jiko la gesi na dirisha ubavuni inaweza kuuza chakula popote gari linapofika: mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, soko la mahindi la Kibaigwa, kando ya barabara ya Manyoni kuelekea Singida. Wanaoiunga mkono wanasema inamfikishia mtu wa kijijini chakula cha haraka na kumpa mfugaji soko jipya. Wanaoipinga wanasema inaleta mkate wa ngano na maradhi ya tumbo mahali ambapo ugali na nyama choma vinatosha. Pande zote mbili huzitaja baga na sandwichi kama kitu kimoja, na hapo ndipo zinapokosea. Kwa mazingira ya vijiji vya Dodoma, hatari ya moja haifanani na ya nyingine.

Tuanze na faida. Nyama choma ya mnadani huuzwa kwa kilo, hungojewa, na huliwa kwa kushirikiana. Dereva wa lori aliye peke yake na anayetaka kuondoka hana pa kuanzia. Baga ni fungu la mtu mmoja, hukaa mkononi na hutoka jikoni kwa dakika nane hivi. Nyama ipo tele Kongwa na Mpwapwa, na mafuta ya alizeti hukamuliwa hapahapa na Singida. Kilo moja ya nyama hutoa vipande tisa vya gramu 110, kwa hiyo hata mwenye mtaji mdogo anaweza kuanza.

Tatizo la kwanza ni nyama yenyewe. Ng'ombe wetu wa asili anayeishi kwa majani makavu nusu mwaka ana mafuta machache. Nyama yake ikisagwa peke yake, kipande hukauka, hupasuka na kumeguka kwenye bamba. Dawa ni kuongeza mafuta ya nundu au ya kidari mpaka yafike gramu 150 hadi 200 kwa kila kilo. Chumvi inyunyizwe juu wakati wa kukaanga, kwa sababu ikichanganywa mapema nyama hushikana na kuwa ngumu kama soseji. Kipande kikandamizwe katikati kwa kidole gumba, la sivyo huvimba kama mpira na kubaki kibichi ndani huku pembeni kikiungua.

Huko kubaki kibichi ndani ndiko kunakoigharimu baga. Kwenye mnofu mzima, bakteria hukaa zaidi juu, na moto huwakuta hapohapo. Mashine ya kusagia huwachukua na kuwasambaza hadi katikati, kwa hiyo nyama ya kusaga inapaswa kufika nyuzi joto 71 hadi ndani kabisa. Rangi haitoshi kuthibitisha, maana nyama inaweza kugeuka kahawia kabla ya kufika hapo. Kipimajoto cha sindano ni kifaa kidogo, na muuzaji wa baga asiyekuwa nacho anakisia afya za watu.

Hali ya hewa huzidisha ugumu. Chakula chepesi kuharibika hakipaswi kukaa zaidi ya saa mbili kati ya nyuzi 5 na 60, na hewa ikipita nyuzi 32 muda huo hupungua hadi saa moja. Mchana wa Oktoba na Novemba huku kwetu hufika hapo bila shida. Sahani ya nyama ya kusaga iliyowekwa kando ya jiko tangu saa nne asubuhi haifai tena saa sita mchana, hata kama hainuki. Njia inayowezekana ni kuvigandisha vipande usiku, kila kimoja kikiwa kimetenganishwa kwa karatasi, kuvisafirisha ndani ya deli lenye barafu ya uzito sawa na nyama, na kuvikaanga vikiwa bado vimeganda. Hapo muda wa kukaanga huongezeka kwa nusu. Barafu ikiyeyuka yote, biashara ya baga ya siku hiyo imekwisha, hata kama foleni ni ndefu. Ni uamuzi mgumu kwa mwenye mkopo, na ndiyo sababu hoja ya wapinzani inastahili kusikilizwa.

Sandwichi haina sehemu kubwa ya matatizo hayo. Steki iliyochomwa nzima, ikaiva, kisha ikakatwa vipande vyembamba vya milimita tatu kukatiza nyuzi zake, huingia kwenye skonzi vizuri. Ikikatwa kufuata nyuzi, mlaji hung'ata mara moja na nyama yote hutoka ikaacha mkate mtupu. Kuku wa kienyeji achemshwe kwanza mpaka alainike, ndipo achambuliwe. Bora kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ya mayai: mayai mawili, kitunguu, nyanya, yaivishwe mpaka yashikane kabisa, ndani ya chapati au mkate wa slesi. Mayai ambayo hayajavunjwa hayahitaji friji, yakibaki huuzwa kesho, na bei yake iko karibu na mfuko wa mwanakijiji.

Maji na upepo huwasumbua wauzaji wote, wa baga na wa sandwichi. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu, kwa hiyo gari libebe maji yake: kwa wateja 60, lita 30 za kunawa mikono na 50 za jikoni, yaani madumu manne. Upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki, ukizima moto na kuleta vumbi. Dirisha likigeuzwa magharibi, vumbi hupungua lakini jua la alasiri huingia moja kwa moja kwenye vyakula, hivyo turubai ni lazima.

Kuhusu lishe, wapinzani wana haki zaidi. Baga ya kawaida ina kilokalori kama 500, ilhali ugali wa gramu 250 za unga una karibu 900 kabla ya mboga. Mpagazi wa Kibaigwa anayebeba magunia hawezi kuishi kwa baga, na mama lishe hatapoteza wateja wake wa mchana kwa sababu hiyo. Pia sehemu kubwa ya ngano ya nchi huagizwa nje, wakati uwele na mtama hustahimili ukame wetu. Gari linalonunua chapati kwa mama lishe jirani hupunguza ugomvi, ingawa ngano inabaki ileile.

Mlaji naye atazame kabla ya kulipa. Nyama ya kusaga iko kwenye barafu au juu ya meza? Kisu cha nyama mbichi ndicho kinachokata nyanya? Kachumbari imeoshwa kwa maji gani? Majibu yakiwa mabaya, agiza ya mayai bila kachumbari. Baga iliwe palepale ikiwa ya moto. Ya kuwapelekea watoto nyumbani kwa bodaboda iwe ya mayai au steki, sosi ifungwe kando ili mkate usilowe, na iliwe ndani ya saa mbili tangu itoke jikoni, au saa moja kama jua ni la Oktoba.