Nabhany wa mkuku na mataruma

Akitajwa marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, malenga na mtafiti wa Kiswahili kutoka Lamu, haipiti muda mazungumzo yamehamia kwenye runinga na tarakilishi, maneno anayosifiwa kuyabuni. Mmoja atasema maneno hayo yameikomboa lugha. Mwingine atasema ni kujitesa bure, televisheni na kompyuta zatosha. Hapo Mkenya na Mtanzania wataanza kurushiana vijembe mpaka mzee mwenyewe asahaulike. Mimi ubishi huo umenichosha. Runinga nalitumia, tarakilishi mara nyingi hunitoka kinywani kama kompyuta, na sioni niliyemkosea.

Kinachoniuma ni kwamba mtu aliyeumaliza umri wake akihifadhi, tumempa sifa ya kubuni, basi.

Ustadh Nabhany alizaliwa mwaka 1927 Matondoni, kisiwani Lamu. Anayeijua Matondoni anajua kwamba ni kijiji cha mafundi wa majahazi. Mtoto wa pale hukua akisikia tezo, kile chombo cha kuchongea, inavyokula mbao. Ushairi nao aliupata nyumbani, kwa nyanya yake, Amina Abubakar Sheikh, aliyekuwa malenga. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, mafundi ufuoni na malenga nyumbani, ndipo utaona *Sambo ya Kiwandeo* ilikotoka. Sambo ni chombo cha baharini, na Kiwandeo ni jina la kale la kisiwa cha Lamu. Ni utendi kuhusu jahazi, ulichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1979, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa.

Kwa nini utendi mzima kuhusu jahazi? Kwa sababu fundi wa pwani yetu haundi kwa kufuata mchoro. Hulaza mkuku, ule uti wa chini wa chombo, akasimamisha fashini, nguzo za mbele na nyuma, akapanga mataruma, yaani mbavu zake, na kupigilia mbao. Mianya huzibwa kwa pamba, ndiyo kalafati. Sehemu inayokaa majini hupakwa deheni ya shahamu na chokaa ili wadudu wasitoboe mbao, na kwingine hupakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo ukishainusa harufu yake mara moja huisahau tena. Mlingoti, foromali, yaani boriti inayobeba tanga, na tanga lenyewe vina wakati wake. Yote hayo yamo kichwani mwa fundi, na humfikia mwanagenzi kwa majina: leta kile, kaza hiki. Jina likipotea, mwanagenzi hana pa kushika.

Nabhany aliliona hilo mapema, akachagua chombo kinachofaa. Utendi una mizani minane kwa kipande, vina vyake hurudi pale pale, na mtu asiyejua kusoma anaweza kuuhifadhi kwa moyo. Angeweza kuandika orodha ya maneno. Orodha ingekaa kabatini.

Alifanya vivyo hivyo kwa mnazi katika *Umbuji wa Mnazi*, uliotoka mwaka 1985. Mnazi kwa Mswahili ni nyumba, kamba, kuni, chakula na kinywaji, na kila hatua ya tunda ina jina lake: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Muulize kijana wa mjini leo. Dafu atalijua kwa sababu analinunua barabarani, nazi ataijua kwa sababu ya wali, na kati ya hayo mawili hana kitu. Simlaumu, hakuna aliyemfundisha.

Hata katika kubuni alianzia kwenye lahaja na tungo za kale, akipekua kama kuna neno lililolala linaloweza kuamshwa, kabla ya kwenda kukopa. Kwa hiyo wanaocheka runinga wanacheka tawi bila kuuona mti.

Alifariki mwaka 2017. Miaka yote aliyoishi Mombasa, watafiti wa Ulaya walikuwa wakimwendea kuuliza, naye akiwajibu bila choyo. Jina lake limo katika shukrani za kazi nyingi za kitaalamu. Sisi tuliokaa naye mji mmoja, wengi wetu tulikuwa tunamwamkia tu na kupita.

Sasa wapo wanaotaka aenziwe, kila mtu na lake. Langu ni dogo. *Sambo ya Kiwandeo* ichapishwe upya hapa hapa Kenya, kwa bei ya kitabu cha shule, na picha ya kila kipande cha jahazi pembeni ya ubeti wake. Kazi hiyo ifanywe na mafundi wa Matondoni wakiwepo, kwa sababu boti za faiba zinaongezeka na vijana hawana tena haja kubwa ya kujifunza tezo. Fundi mzee akionyeshwa ubeti atasema papo hapo kama neno bado linatumika, au limebadilika, au yeye mwenyewe alilisikia kwa babu yake tu. Hayo nayo yaandikwe.

Wakitaka kumpa na barabara, wampe. Ila kitabu kwanza.