Wazee 97 wa Tarehe 1 Julai

Kwa kuwa rafiki yangu wa maabara amekwisha kuisambaza habari hii kutoka Kondele hadi Mamboleo, yaani Kisumu nzima, na kwa kuwa katika masimulizi yake mimi nalia, nazimia, kisha najificha chini ya meza, naona afadhali niieleze mwenyewe kabla haijamfikia mama mkwe. Sikulia. Chini ya meza niliingia kweli, lakini nilikuwa natafuta waya wa projekta.

Mnaonifuata hapa mnajua kwamba mimi husimamia data za utafiti wa afya. Simpimi mtu wala simdungi sindano. Kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta na kushuku. Muuguzi akiandika kwamba mshiriki ana joto la nyuzi 63, mimi ndiye ninayemrudishia fomu na kumuuliza kwa adabu kama hakukusudia 36, maana mwenye joto hilo hangefika kliniki kwa miguu yake. Kila shaka huwa hoja ndani ya mfumo, na kila hoja sharti ijibiwe kabla hatujaifunga hifadhidata, kwani ikishafungwa haiguswi hata nukta.

Wiki iliyopita, tukikaribia kufunga, nilichora grafu ya tarehe za kuzaliwa za washiriki wetu, ambao ni wazee wenye shinikizo la damu. Miezi kumi na mmoja ilionekana kama vichuguu. Julai ilisimama kama mnara. Nilipoichunguza, nikakuta wazee 97 waliozaliwa tarehe 1 Julai, wa miaka mbalimbali, wa vijiji mbalimbali, kana kwamba bibi zetu walikuwa na kikao cha kupanga siku ya kujifungua. Naungama kwamba nilifurahi. Kwa mtu wa kazi yangu, kunusa data iliyopikwa ni kama mvuvi wa Dunga kunasa mbuta wa kubebwa na watu wawili. Usiku huohuo nilituma hoja 97, na asubuhi nikaomba dakika kumi katika mkutano ambao mkaguzi wa mfadhili alikuwapo.

Nilivaa tai. (Kuhusu tai hiyo, rafiki yangu hakuongeza chumvi.)

Niliionyesha grafu, nikatulia kidogo ili mnara wa Julai uwaingie vizuri, kisha nikasema kwa sauti ya hakimu kwamba kuna watu waliokaa chini ya mti wakajaza fomu bila kuwaona washiriki. Hakuna aliyekohoa. Muuguzi mkuu wa kituo, ambaye ana umri wa mama yangu na huniita mwanangu, hakuonekana kukasirika hata kidogo, na hapo ndipo ningalipaswa kuogopa. Aliifungua miwani yake, akaipangusa kwa ncha ya leso, akaivaa. Akavuta faili kubwa la bluu lenye mwongozo wa kujaza fomu. Akalamba kidole, akafunua ukurasa, akalamba tena, akafunua mwingine, nami nikisimama pale na kalamu yangu ya mwanga ikitetemeka ukutani, juu kabisa ya Julai.

"Mwanangu," akasema, "hebu nisomee hapa. Macho yangu siku hizi yananisumbua."

Nikasoma, tena kwa sauti kubwa, nikidhani ananipa ushahidi. "Pale ambapo mshiriki anaujua mwaka wake wa kuzaliwa lakini haijui siku wala mwezi, andika tarehe 1..." Neno lililofuata lilinikwama kooni. Sababu yake niliikumbuka papo hapo, na ni sababu nzuri mno: tarehe hiyo iko katikati ya mwaka, kwa hiyo hata ukikosea hukosei kwa zaidi ya takriban miezi 6.

"Malizia, mwanangu."

"Julai."

"Na hapo chini, nani ametia sahihi?"

Sahihi yangu haifichiki; ina mkia mrefu unaojipinda kama kambare. Mkaguzi wa mfadhili aliinama kwenye daftari lake, akaandika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Muuguzi akaendelea kunieleza, bila kejeli, kwamba mzee anayeitwa Otieno jina lake linakuambia alizaliwa usiku, na Onyango alizaliwa jua likiwa linapanda, ila fomu yangu haikuulizia saa, iliuliza tarehe. Wakati huo ndipo waya wa projekta uliponiangukia, au mimi ndiye niliyeuangukia.

Niliomba radhi, nikanunua soda za watu wote, tukaendelea na ajenda.

Kilichobaki ni zile hoja 97, ambazo mfumo haukubali kuzifuta, kwa kuwa kila kitu huhifadhiwa pamoja na jina la aliyekifanya, saa na sababu. Ninazifunga moja baada ya nyingine, nikiandika kila mara "Kosa la msimamizi wa data." Leo nimefika ya 41, na nimekuta kituo kilikuwa kimekwisha kuijibu asubuhi ile, kabla ya mkutano: "Mshiriki anasema alizaliwa mwaka wa mafuriko makubwa kabla ya Uhuru. Tumemuuliza siku. Amesema maji hayakuja na kalenda."